Alivua Miwani Saa Ngapi

Katika daftari la chumba chetu cha macho kuna safu moja ambayo hamtaikuta kwenye daftari la mahali pengine. Niliichora mwenyewe kwa rula, na juu yake nikaandika: "Alivua miwani saa ngapi." Kila kijana aliyeletwa kufanya kazi nami aliuliza safu hiyo ni ya nini, nami nikamwambia ajaze tu, maswali mengi yatamzeesha kabla ya siku zake. Siku ya kuniaga mlinisifu kwa umakini, mkanipa blanketi na vitenge, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Blanketi nimeshaanza kulitumia, maana baridi ya Ufipa haijali kwamba mtu amestaafu. Haya machache ndiyo haya, na nawatahadharisha mapema kwamba hayafurahishi.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Nikahamishiwa chumba cha macho kwa sababu tu dada aliyekuwepo aliolewa Mpanda na hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Watu wa wodini walikiona chumba kile kama mahali pa kupumzikia, hakuna damu wala kelele. Mkubwa wa pale alikuwa Bwana Anselmi, mganga msaidizi wa macho, Mfipa mrefu, mkimya, aliyefundishwa kazi na wamisionari na ambaye mikono yake ilinuka sabuni ya mche tangu asubuhi mpaka jioni. Sikupata kumwona akimpandishia mgonjwa sauti. Mimi alinipandishia mara mbili, na zote nilistahili.

Siku ya kwanza hakunionyesha kitu. Alifungua sanduku la lenzi, akachagua mbili nene za kukuza, akazitia kwenye fremu ya kupimia, akanivisha usoni. Akaniamuru nihudumie wagonjwa hivyo hivyo hadi mchana, nijue wanavyoishi. Dunia ikawa uji. Nilimwagia mzee mmoja maji mapajani, nikaisalimia stendi ya dripu shikamoo, na wagonjwa waliokuwa na nguvu walicheka. Karibu na mlango kulikuwa na tangazo la herufi kubwa kuhusu kunawa mikono, na asubuhi ile sikuweza kulisoma hata neno moja. Ilipokaribia saa sita nikajikuta nalisoma, si lote, lakini zaidi ya nusu, na nyuso za watu zikawa zimejichora kidogo. Nilidhani lenzi zimeteleza. Nikamwambia Bwana Anselmi, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea kusikia hivyo, akasema jicho limetulia. Jicho likipewa muda, alisema, hujituma lenyewe.

Kwa imani hiyo alikuwa ameweka benchi moja refu ukutani, nasi wote tuliliita benchi la kupumzisha macho. Hakuna aliyepimwa bila kukaa pale kwanza. Mtu anakuja amesukuma baiskeli kutoka mbali, jua na vumbi vimemwingia, jicho limechoka, mpe muda. Aliyevaa miwani ndiye hasa aliyepaswa kukaa zaidi, tena akiwa ameivua. Bwana Anselmi alisema jicho la mwenye miwani ni kama mtoto anayebebwa mgongoni kila siku: ukitaka kujua kama ana miguu, mshushe, mwache atembee kwanza, ndipo umpime. Niliuona ule kuwa utaratibu wa akili na wa huruma. Niliwafundisha wengine. Watu waliokuja kutoka mikoa mingine walitusifu kwa kutokuwa na haraka.

Miaka ile ya mwanzo niliyafurahia sana makosa yangu madogo, maana hayakuwa yanaua. Kulikuwa na fundi cherehani wa Mazwi, aliyekuwa ameshona kwa uoni hafifu karibu miaka kumi bila kujua. Tulipompa miwani yake sahihi aliirudisha kesho yake amekasirika. Alisema kila kitu kimekuwa na makali, nyuzi zinamchoma, ardhi imeinuka upande mmoja, na mkewe anaonekana kama amechongwa na seremala. Alitaka tumpe miwani "iliyochoka kidogo." Bwana Anselmi alimbembeleza aivae majuma mawili bila kuivua, na baada ya hapo hatukumwona tena na hasira, alituletea suruali mbili alizoshona akiwa ameivaa. Hilo nendeni nalo kazini: mtu aliyezoea ukungu, ukimpa picha iliyo wazi, ataona umemharibia. Usibishane naye, mpe siku.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mambo yakafunguliwa, ushirika ukapoteza kauli juu ya mahindi, na wafanyabiashara wakaanza kufika na malori yao hadi mashambani. Sumbawanga ikajaa injini. Sokoni, katikati ya makoti ya mitumba, yakatokea mafurushi ya miwani ya watu wa Ulaya, mtu anajaribu moja baada ya nyingine mpaka apate inayomfaa, kama anayechagua viatu. Tulizipinga, baadaye tukanyamaza, maana sisi wenyewe tulikuwa na fremu chache mno. Na kila dereva sasa alitakiwa kuwa na cheti cha macho. Wakaanza kupanga foleni kwenye korido yetu kuanzia Jumatatu. Matajiri wenye malori hawakutaka dereva wa miwani. Madereva walikuwa wengi, na mtu mwenye vioo usoni alionekana kama gari lenye ufa.

Desderi alikuja katika foleni hizo. Alikuwa kijana wa Mazwi, mwenye mke na mtoto mmoja, aliyewahi kuendesha trekta ya ushirika na sasa ameahidiwa lori na tajiri mmoja wa mahindi. Miwani ya mitumba ilikuwa usoni mwake alipoingia. Nilipomuuliza alisema ni ya kuangalia mpira kwenye video tu. Nikamwambia aivue. Aliitia mfukoni, akatazama chati ukutani, ile yenye herufi zinazoelekea pande nne, akakunja uso.

"Sista, pale mimi sioni kitu," akasema.

"Ndiyo maana kuna benchi," nikamjibu.

Alikaa pale kuanzia saa ya chai hadi karibu na adhuhuri, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na mama mwenye jicho lililochomwa na bua la ulezi, na kazi yake haikuwa fupi. Nilipomwita Desderi alisimama kwenye mstari, akafunika jicho moja, halafu jingine, akaonyesha kwa mkono kila herufi inakoelekea. Alikosea moja katika mstari unaotakiwa, na kosa moja linaruhusiwa. Nikajaza cheti: anaona vizuri bila miwani. Bwana Anselmi akagonga muhuri. Desderi alitushukuru sana, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Masika yaliyofuata, asubuhi ya ukungu, lori la Desderi lilimgonga binti mmoja wa kijiji cha Mollo aitwaye Regina alipokuwa akienda shambani. Alikuwa na jembe begani na sweta ya kijivu. Alifia palepale. Desderi alikuwa ametoka Mazwi muda mfupi tu kwenda kupakia mahindi, na wakulima waliofika wa kwanza walisema barabarani hapakuwa na alama ya breki hata moja kabla ya pale alipolala binti. Mjini ikasemwa kwamba alikuwa anasinzia, au amelewa, au hajali watu wa miguu kama walivyo madereva wa siku hizi. Yeye alisema neno moja tu tangu polisi: sikumwona.

Siku chache baadaye mkewe alikuja chumbani kwetu na ile miwani imefungwa kwenye kitambaa. Alitaka tumwambie kama inaruhusiwa kupelekwa mahabusu. Alisema mumewe huivaa akiamka tu, maana bila hiyo hamwoni mtoto vizuri akiwa mlangoni. Asubuhi ile pia aliivaa, akatoka nayo hadi getini kwa tajiri, akaivua pale ndipo akapanda lori. Nilichukua ile miwani nikapima nguvu zake, lenzi juu ya lenzi. Haikuwa miwani ya kuangalia mpira. Nikairudisha kwenye kitambaa, nikamwambia apeleke, na usiku huo sikupata usingizi, ingawa bado sikujua hasa ni nini kinachonisumbua. Cheti kilikuwa cha kweli. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe akisoma.

Jibu lililetwa na mwalimu mmoja wa Ilemba. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa gari la mpunga ambalo lingeondoka mapema, hivyo akaomba apimwe haraka bila benchi. Bwana Anselmi hakuwepo, nikakubali. Mwalimu akavua miwani yake na palepale nikampima: alisoma herufi kubwa za juu na mstari mmoja chini yake, basi. Nikampima kwa lenzi, nikaandika nguvu anayohitaji. Mkono wa miwani yake ulikuwa umelegea, nikabaki nayo nikaze skrubu. Akaondoka kwenda kituoni, akarudi baada ya kitambo kuniambia gari limeharibika, na akakaa kwenye benchi, bila miwani, akizungumza na wagonjwa. Ulipopita muda mrefu nikaona afadhali nimpime tena kwa utaratibu, ili daftari liwe safi. Safari hii alishuka mistari miwili zaidi.

Nilimsimamisha vizuri, nikageuza chati ili asikumbuke. Mistari miwili zaidi. Nikachukua lenzi nikampima tena, na nguvu aliyohitaji ilikuwa ileile ya asubuhi, haikupungua hata kidogo. Jicho lake halikuwa limetulia wala kujituma. Lilikuwa na ubovu uleule. Kilichobadilika kilikuwa ndani zaidi, huko akili inakopokea picha. Ilikuwa imeshazoea ukungu na kuanza kuusoma. Nikakumbuka tangazo la kunawa mikono. Nikamuuliza mwalimu sasa anaonaje, akasema anaona sawa tu, hata amesahau kama hana miwani. Nikamtoa nje, nikamwonyesha mtu aliyesimama kwenye kivuli cha ukuta ng'ambo ya uwanja, amevaa koti la rangi ya udongo. Alitazama kwa muda. Akasema hapo hakuna mtu.

Baadaye sana daktari bingwa aliyetutembelea alinieleza jambo hili kwa lugha ya kitaalamu, na kumbe linajulikana. Mtu akikaa na picha yenye ukungu, ubongo hurekebisha kipimo chake cha nini ni wazi. Herufi nyeusi kwenye ubao mweupe anaweza kuzinasa zaidi ya alivyoweza mwanzo, na yeye mwenyewe huapa kwamba anaona. Akivaa miwani tena muda kidogo, mazoea yale yanafutika. Desderi niliyempima alikuwa mtu wa saa kadhaa bila miwani mbele ya ubao mweupe. Aliyekuwa nyuma ya usukani Mollo alikuwa mtu aliyevua miwani dakika chache tu zilizopita, mbele yake kijivu ndani ya kijivu. Nami cheti nilimpa yule wa kwanza.

Nilimweleza Bwana Anselmi siku hiyohiyo. Alinisikiliza akiwa anafuta lenzi, moja moja, mpaka sanduku zima likaisha. Sikutegemea kwamba angekana, wala hakukana.

"Mwanangu," alisema, "ukiyasema hayo mahakamani, watakuuliza majina ya madereva wote waliokaa kwenye benchi lile. Utaanzia wapi?"

Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa amefungua macho ya vipofu wa Ufipa nzima, na watu waliwaita watoto wao jina lake. Mimi nilimpenda, na nilijiogopea pia. Sahihi kwenye cheti ilikuwa yangu. Nilijiambia kwamba nikiulizwa nitasema.

Sikuulizwa. Mahakamani Desderi alisimama akiwa amevaa ile miwani, mwembamba, akarudia kwamba hakumwona. Mwendesha mashtaka akainua cheti changu akamsomea hakimu: anaona vizuri bila miwani. Kisha akanigeukia mimi, niliyeitwa kutoa ushahidi, akaniuliza kama mshtakiwa aliusoma mstari unaotakiwa. Nikasema ndiyo, aliusoma. Akaniuliza kama alikuwa na miwani wakati huo. Nikasema hapana. Akasema ahsante sista. Nilibaki nimesimama kizimbani kidogo, nikitegemea mtu aulize alikuwa amekaa muda gani, na kila mtu alikuwa ananingoja mimi nishuke. Baba yake Regina, Mzee Kosmas, alikuwa amekaa mbele na kofia yake magotini. Nikashuka.

Hakimu alisema mtu mwenye macho mazima, asiyegusa breki, hawezi kusema hakuona; aliona, hakujali. Desderi akafungwa. Mkewe hakulia pale, alikunja kile kitambaa cha miwani kikawa kidogo kabisa.

Bwana Anselmi alipostaafu, benchi nililihamishia korido ya kliniki ya watoto, nikachora ile safu kwenye daftari. Niliwaambia watu ni utaratibu mpya. Madereva niliowahi kuwapitisha niliwaita tena wachache wachache, kwa visingizio, na wanne niliwakuta hawafai, nikawaandikia miwani ya lazima. Hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo msidhani nilikaa tu; nilitengeneza kila kitu kilichoweza kutengenezwa bila mtu kunitazama usoni. Aibu ya jambo hili iko hapo hapo.

Desderi alitoka gerezani, nikasikia yuko Mazwi, baadaye nikasikia amekwenda kulima Mollo. Nilishangaa achague kuishi huko. Miaka ikapita. Siku moja, mimi nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, aliingia mwanamume mmoja amevaa koti la mvua, akanipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kabla sijatambua kwamba ni Desderi. Alikuwa anataka miwani mpya, kwa sababu ndege wanamaliza ulezi wake naye hawaoni mpaka waruke. Hakuwa na kinyongo chochote usoni. Wawili kati yenu mlikuwa mle chumbani, mkaniomba nipumzike mmpime ninyi. Nikakataa, nikawatuma mkatafute vitu ambavyo havikuhitajika.

Nilimpima palepale alipovua. Alisoma mstari wa juu tu. Nikafunga mlango, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikamweleza yote: benchi, mwalimu wa Ilemba, sanduku la lenzi, kizimbani. Nilimwambia siku ile hakumwona, asingeweza kumwona, na kwamba nilijua hivyo kabla ya hukumu. Nilimwambia anaweza kunishtaki, na kwamba nitaandika chochote anachotaka na kuweka sahihi.

Alikuwa ameshika fremu ya kupimia magotini.

"Nilipotoka jela nilikwenda kwa Mzee Kosmas na katekista," akasema. "Alikataa ng'ombe, alikataa kila kitu. Akasema anataka neno moja tu: ulimwona, hukumwona? Nikajibu sikumwona. Akafunga mlango."

Alikwenda mara tatu, na mara tatu mlango ukafungwa. Wazee wakamwambia mtu haombi msamaha huku bado anakana, na karatasi ya serikali inasema macho yako ni mazima. Basi akaanza kujiuliza mwenyewe. Kila akilala aliivuta asubuhi ile, na kadiri miaka ilivyokwenda akaanza kuiona sweta, akaliona jembe, akaona binti amegeuza uso. Mara ya nne alikwenda akakiri.

"Nilimwambia, Mzee, nilimwona," akasema Desderi. "Nilikuwa naamini, mama. Akanipokea. Akanipa na shamba nilime karibu naye, nimekuwa kama mtoto wake. Alikuwa ananiuliza, kila mara ananiuliza, alikutazama? Alijua unamjia? Na mimi namwambia ndiyo."

Nikamwambia tuondoke sasa hivi, tupande gari twende Mollo, nikamwambie mzee kwa kinywa changu mwenyewe.

"Tumemzika mwezi uliopita," akasema.